Nta ya Manowari

Siku Badawi alipoona leso ya tajiri ikigeuka buluu, alisimama katikati ya Barabara ya Kilindini hadi mkokoteni ukampigia kelele apishe.

Tajiri mwenyewe alikuwa muuza vitambaa mwenye tumbo la heshima. Aliegesha gari lake mbele ya duka, na kunguru mmoja asiye na adabu akapita juu ya boneti akaacha salamu zake. Tajiri akatoa leso nyeupe, akailowesha mate, akasugua. Uchafu ukatoka, lakini leso ilibaki na doa la buluu, buluu ile ile ya gari. Akasugua mahali pengine palipokuwa safi. Buluu tena. Akaitazama leso, akalitazama gari, kisha akairudia leso kwa uso wa mtu aliyekohoa akaona damu.

Badawi aliuona uso ule, na moyoni akamshukuru kunguru.

Lazima isemwe hapa, kwa heshima zote, kwamba Badawi hakuwa mwizi. Mwizi huchukua kitu cha mtu mtu akiwa hataki. Badawi hakuwahi kuchukua chochote ila mwenyewe alikisukuma kwa mikono miwili na kusema ahsante. Alikuja Mombasa kutoka Pate wakati wa vita, Kilindini ikiwa imejaa manowari, na kwa miaka mitatu aliwauzia mabaharia wa Kizungu kasuku wa kijani aliowapaka rangi nyekundu mkiani, kila mmoja akiwa ndiye wa mwisho wa kizazi chake duniani. Kisha vita vikaisha. Manowari zikaenda zao na kasuku wakabaki kijani. Mwaka huo wa arobaini na saba ulimkuta katika chumba cha kupanga Majengo, ana kanzu mbili nzuri, ulimi mmoja mzuri zaidi, na shida moja.

Shida ilikuwa ni gari. Badawi alikuwa ameposa. Alimposa Mwanatumu binti Aidarus, wa nyumba ya ghorofa Ndia Kuu, na akakubaliwa, kwa sababu Mzee Aidarus alimwamini alipojieleza kuwa yeye ni mtu wa biashara ya magari. Mzee alikuwa na jeraha lake. Binti wa nduguye mdogo alikuwa ameozwa mwaka uliopita, na bwana harusi alikuja na teksi. Mji mzima uliisifu teksi ile mbele ya Mzee Aidarus, mwezi mzima. Kwa hiyo jioni moja barazani, mbele ya watu wanane waliotoka kuswali, mzee aliuliza kwa sauti iliyokusudiwa kufika mbali kama mkwewe angekuja harusini kwa gari lake mwenyewe.

"Ami," Badawi alijibu, "kwani nije na nini?"

Ulimi ulisema hivyo wenyewe. Watu wanane wakaenda makwao na habari, na kufikia asubuhi mzee alikuwa ameshatoa neno lake: Badawi akija na gari, kuna harusi. Akija kwa miguu, arudi kwa miguu.

Na Badawi alitaka kuoa. Si nyumba ya ghorofa pekee iliyomvuta, ingawa nyumba ilikuwa nzuri. Katika miaka yote hiyo hakukuwa na mtu Mombasa aliyemuuliza kama amekula. Mchumba mwenyewe hakuwahi kumwona wala kumsikia, kama desturi ilivyo. Mambo yote yalizungumzwa chini barazani na wanaume. Kutoka juu alikotawishwa Mwanatumu kilishuka tu moshi wa udi. Harusi ilikuwa imebaki siku ishirini na mbili, na gari hakuwa nalo hata usukani.

Ndipo akaiona leso.

Jioni ile alimwendea jirani yake Joab, fundi wa kupaka rangi mabehewa ya reli, mtu wa Nyanza aliyekwenda kanisani mara mbili kila Jumapili na hakusema uongo, ila hakuona haja ya kuwakataza wengine. Badawi alimweleza habari ya buluu. Joab akacheka.

Alimfahamisha kuwa rangi yoyote ya gari iliyopigwa na jua na chumvi hufa juu juu, kama ngozi ya mtu aliyeungua, na ukiisugua lazima iache alama kwenye kitambaa. Haina ubaya. Unaiondoa ile iliyokufa, chini unakuta iliyo hai, unaifunika kwa nta ili jua na chumvi zisiifikie. Basi.

"Na wenye magari wanajua haya?"

"Wenye magari wanajua kupiga honi," alisema Joab.

Badawi hakuhitaji elimu zaidi. Joab alijaribu kumweleza kuna nta na nta, akamwona hasikilizi, akarudi kwenye ugali wake.

Siku mbili baadaye kulikuwa na dawa mpya mjini. Ilikaa katika mikebe ya dawa ya viatu iliyokwanguliwa ikabandikwa karatasi yenye picha ya nanga, na jina lake lilikuwa Nta ya Manowari. Ndani yake mlikuwa na nta ya nyuki iliyonunuliwa kwa wauza asali wa Ukambani, mafuta ya nazi, na matone ya waridi ili inukie kizungu. Badawi aliwaeleza watu kwa sauti ya chini kwamba manowari zilipoondoka zilisahau shehena moja, na hapo hapo akatazama nyuma yake, kama anayehofia Admirali asimsikie. Mfukoni alibeba kitambaa cheupe alichokipaka unga wa ule mfupa mweupe wa ngisi unaookotwa ufukweni. Unga huo unasugua kweli kweli. Alikuwa akikuta gari, anampa mwenyewe salamu ndefu, anapangusa madigadi, yale mabati juu ya magurudumu, mara moja kama kwa bahati, kisha anakitazama kitambaa na kunyamaza.

Kunyamaza ndiko kulikouza. Tajiri wa vitambaa alinunua mikebe sita. Mwenye meli mmoja alilipa papo hapo ili gari lake lipakwe mbele ya watu. Magari matano kwa juma moja yalimeremeta kama samaki aliyetoka majini, na juma la pili yakawa na vumbi kuliko barabara zenyewe, maana mafuta ya nazi hayakauki na kila punje ya vumbi iliyopita ilishuka na kukaa. Juu ya gari la tajiri mtu aliandika kwa kidole: NIOSHE.

Lakini Badawi alipopiga hesabu zake aliona nta haitamfikisha. Baada ya vita magari yalikuwa adimu. Matajiri walikuwa wameandikisha majina wakingoja meli, na alichochuma hakikutosha kununua hata milango. Siku zilikuwa zimebaki kumi na moja. Akalala chali akikitazama kitambaa chake kilichotapakaa rangi za watu, na wazo likamjia likiwa limevaa na kufunga vifungo. Ikiwa kitambaa hiki kinaweza kumfanya mtu anunue nta, kwa nini kisimfanye auze gari? Alichohitaji ni mwenye gari asiyejua kitu.

Mungu, ambaye ana mzaha wake, akamleta kesho yake.

Aliletwa na Bi Sheikha, mama wa makamo mwenye buibui zito na pumzi fupi, aliyemkuta Badawi karibu na Makadara akipangusa teksi isiyokuwa yake. Alisema kwake Kibokoni kuna mgeni, mjane, yumo edani, na marehemu alimwachia gari lililofichwa tangu petroli ilipokuwa ya kugawiwa. Mjane hajui kama liko hai. Amesikia mjini kuna fundi.

"Fundi ndiye huyu mbele yako, mamangu," alisema Badawi, akajizuia asiruke.

Gari lilikuwa katika banda lililokuwa ghala la ngozi zamani. Bi Sheikha akavuta turubai. Lilikuwa la Kimarekani, pana, la rangi ya damu ya mzee, limefifia kwa vumbi na miaka lakini halina hata kovu. Upande wa ndani wa banda palikuwa na mlango wa kuelekea uani, na mlangoni lilining'inia pazia zito. Nyuma ya pazia mtu alikohoa kikohozi cha kiungwana.

"Sabalkheri, Bwana Fundi."

"Sabalkheri, bibi. Pole na msiba."

"Tushapoa. Nataka kujua hali yake kabla sijaamua. Nambie kweli, usinifiche."

Sauti ilikuwa changa, tulivu, ya mtu aliyezoea kusikizwa. Badawi alikunja mikono ya kanzu. Alilizunguka gari mara mbili kwa taratibu za daktari, akagonga hapa, akanusa pale, kisha akasugua mlango kwa kitambaa chake. Alikitazama, akanyamaza. Halafu akakiingiza chini ya pazia kwa ncha za vidole. Juu ya kitambaa cheupe, rangi ya damu ya mzee haihitaji maelezo.

Upande wa pili kitambaa kikavutwa ndani.

"Bibi, sitaki kukutia hofu."

"Basi usinitie. Nambie ni nini."

"Gari latokwa na damu. Rangi imeachana na chuma. Ikisha kutoka yote, chuma kitabaki uchi, na kwa chumvi hii ya bahari mwaka hauishi."

"Na nikitaka kuliuza?"

"Mnunuzi mwenye akili akikiona kitambaa hicho atakimbia." Akashusha pumzi. "Labda utokee mwenye huruma."

"Wamjua mwenye huruma yeyote?"

"Mimi nina moyo mwepesi, bibi. Ni ugonjwa wangu."

Sauti ikasema itafikiri. Ikafikiri pale pale. Ikasema si halali kumuuzia Muislamu mwenye moyo mwepesi namna hiyo kitu chenye ila. Kwanza atibu gari, hapo hapo bandani, na yeye mjane aone kwa macho yake kupitia upenyo kama dawa inashika. Ikishika, atamwachia kwa bei ya gari gonjwa, kwa sababu mgonjwa aliyepona si sawa na mzima. Badawi nusura acheke kwa sauti. Alikubali kufanya kazi ile bure, kama sadaka kwa roho ya marehemu.

Ila palikuwa na jambo moja. Gari hili lingekuwa lake. Hakuwa tayari kulipaka mafuta ya nazi gari lake mwenyewe.

Usiku huo Joab alipata mwanafunzi aliyesikiliza kwa mdomo wazi. Nta ya nyuki peke yake ni laini, alimwambia, jua la Mombasa huiyeyusha ikashika uchafu. Inayofaa pwani ni ile ngumu inayotoka kwenye majani ya mnazi wa Brazili, na nta ya nyuki iwe kidogo tu ndani yake ili ikubali kupakwa. Chagua nta kwa ukucha: ukiikwaruza ikaacha mfereji laini, mrudishie mwenyewe. Badawi alihangaika kutwa hadi akapata mikebe miwili kwa mhasibu wa gereji moja ya Wazungu, kwa bei iliyomuuma. Alikuwa hajawahi kulipia kitu halisi.

Siku ya kwanza aliliosha gari, na kwa maji ya mfereji, kwa kuwa visima vya Mji wa Kale vina chumvi na chumvi ndiyo adui. Alilikausha, akaisugua rangi iliyokufa kidogo kidogo mpaka vitambaa vikaacha kuwa vyekundu. Siku ya pili alianza kupaka. Mlango wa banda aliufunga nusu, jua lisiingie. Alipaka sehemu moja moja, nyembamba kama mate juu ya bahasha, akangoja ikauke na kuwa nyeupe kama unga, kisha akaifuta kwa fulana safi, anageuza fulana, anafuta tena. Siku ya tatu akarudia yote. Alishangaa kujikuta akiimba. Gari lilikuwa likitoka chini ya mikono yake kama tunda linalomenywa, na mwishowe aliziona ndevu zake mwenyewe mlangoni, unywele kwa unywele.

Muda wote huo sauti ilikuwa nyuma ya pazia. Chai ya tangawizi ilipita chini ya pazia kwenye sinia, na maswali yalipita juu yake. Kwa nini wapaka kivulini? Kwa nini nyembamba? Hiyo ya magari ya mjini mbona yashika vumbi? Badawi alijibu, akatia chumvi, akachekwa, na akapenda kuchekwa. Siku ya tatu, akiwa amelala chali chini ya madigadi akisugua mahali ambapo hakuna kiumbe angepaona, alijisikia mtu mwenye bahati mno, na mtu wa namna hiyo ni hatari kwa nafsi yake.

"Bibi," alisema kutoka chini, "eda ikisha, wafikiria kuishi vipi?"

"Kama Mungu atakavyo. Kwani wewe huna mke?"

"Sina."

"Wala mchumba?"

Hapa msomaji anaweza kumwomba Badawi anyamaze. Hakunyamaza. Ulimi uliozoea kushusha bei ya magari haukuona tofauti kubwa.

"Kuna mtoto wa watu nimebandikwa," alisema. "Sijamwona. Wasema ni mrefu kama mlingoti na akisema hata paka huhama."

"Nani wasema?"

"Watu."

"Watu gani?"

"Watu wa kuaminika. Lakini babake ana nyumba Ndia Kuu, bibi, na nyumba haina sauti."

Nyuma ya pazia kikombe kikaanguka kikavunjika.

"Ni paka," ilisema sauti. "Naona anahama."

Siku hiyo hiyo bei ilikubaliwa. Ilikuwa ndogo kwa gari, lakini ilimeza kila alichokuwa nacho Badawi: fedha za mikebe, fedha za kasuku, na saa ya mkono aliyoachiwa na baharia. Sauti iliomba jambo moja tu. Eda yaisha Jumatano. Gari likitoka kabla ya hapo, watu wa Kibokoni watasema mjane ameuza vitu vya mumewe kabla hajaacha kulia. Fundi alichukue Jumatano asubuhi. Alisema kwa unyonge kiasi kwamba Badawi aliona haya kwa niaba ya ulimwengu.

Badawi alikuwa mwongo lakini hakuwa mshenzi. Kuna mambo mtu hafanyi. Mtu haambii mjane aliye edani atoke nje aonekane ni nani. Mtu hadai stakabadhi kupitia pazia, wala haulizi jirani kama mwanamke huyo kweli kafiwa. Angekuwa anafanya biashara na mwanamume angemshika mkono, angemtazama macho, angeuliza kadi ya gari ina jina gani. Kwa adabu aliyofunzwa na mamake Pate, alimkabidhi Bi Sheikha bahasha na saa, akainamisha kichwa kuelekea pazia na kumtakia mjane subira.

Jumatano asubuhi banda lilikuwa wazi na tupu. Turubai lilikuwa limekunjwa vizuri pembeni. Nyumba ilikuwa na kufuli.

Mkabala na banda, mama wa Kigiriama aitwaye Mapenzi, aliyekaanga viazi vya karai, alimtazama akizunguka mahali palipokuwa na gari kama kuku aliyeibiwa mayai.

"Wenyewe wamekwenda harusini," alimwambia.

"Na mjane?"

"Mjane yupi?"

"Aliye edani. Mgeni wa Bi Sheikha."

Mapenzi aligeuza kiazi. "Hapa mjane ni Bi Sheikha mwenyewe, na mumewe alikufa kabla ya vita. Kama bado yumo edani, basi mzungu wa mahesabu aitwe."

Badawi alikaa juu ya jiwe. Hakuweza kwenda polisi, kwa sababu wangeuliza yeye ni nani na ile mikebe ya nanga ni ya nini. Alipomwendea Joab, Joab alisikiliza yote mpaka mwisho, akaacha kicheko kitoke kwanza ili kisimkabe, kisha akamshauri aende kwa mzee akaseme kweli.

"Nikiisema kweli sina harusi."

"Ukisema uongo unayo?"

Gari la moshi la Nairobi lilikuwa linaondoka jioni. Badawi alifika stesheni na furushi la nguo zake, akaliangalia likijaa watu, akaliangalia likiondoka. Hata yeye hakujua kwa nini hakupanda. Labda ni kwa sababu huko pia hakukuwa na mtu wa kumuuliza kama amekula. Alhamisi alasiri alivaa kanzu iliyo bora, akatengeneza uongo mdogo kuhusu gari lililokufa Makupa, akaenda Ndia Kuu kwa miguu, na Joab pembeni yake kwa suti ya kanisani, wakiwa wawili kama wanaokwenda kuzika.

Walipokata kona waliona umati. Katikati ya umati, mbele ya mlango wa Mzee Aidarus, lilisimama gari la rangi ya damu ya mzee, na madirisha ya mtaa mzima yalikuwa yakijitazama katika milango yake iliyong'aa.

"Ile nta," alinong'ona Joab, "umeipaka vizuri."

Mzee Aidarus alikuja amefungua mikono. Nduguye mdogo alikuwa nyuma yake, amekunja uso, na kukunja huko ndiko kulikomfanya mzee aonekane kijana.

"Mwanangu! Gari lako limetutangulia. Dereva aliyelileta kasema umelituma mbele ili watu walione kwa nafasi. Huo ndio uungwana. Wengine wangekuja nalo wakipiga honi kama teksi."

Badawi alifungua mdomo. Kwa mara ya kwanza maishani uongo ulikuwa umefika kabla yake, umekaa na kupewa chai.

"Ndiyo, Ami," alisema.

Kadhi akasoma, mashahidi wakashuhudia, halua ikapita. Badawi alijibu alipotakiwa kujibu huku akili yake ikizunguka lile gari. Kisha akapandishwa ngazi. Kina mama walimwimbia mlangoni, wakamfungulia na kumfungia, akabaki na bibi harusi aliyekaa kitandani amefunikwa mtandio wa kijani. Desturi inasema bibi harusi hasemi mpaka apewe kipa mkono, zawadi ya bwana harusi. Badawi alikuwa na shali ya hariri tu, ya mwisho katika mali yake yote. Aliiweka mapajani mwa bibi harusi.

Mkono wenye hina ukaipapasa shali, ukakadiria ubora wake.

"Kaa kitako, Bwana Fundi," ilisema sauti.

Badawi alikaa.

Mwanatumu alijifunua na kusimama. Badawi angesimama, angemfikia kifuani tu, tena ukihesabu maua ya kichwani.

"Mlingoti huu," alisema. "Utazame vizuri."

Alimweleza bila haraka. Gari lilikuwa la mume wa Bi Sheikha, ambaye ni shangazi yake, na miaka miwili iliyopita shangazi aliiandikisha kadi yake kwa jina la Mwanatumu. Babake hakuambiwa, maana angelitembeza mji mzima mpaka magurudumu yaishe. Babake alikuwa anamwoza kwa maneno ya mtu. Yeye alitaka kuyasikia hayo maneno mwenyewe, akaaga kwenda kukaa kwa shangazi siku chache.

"Umeyasikia," alisema Badawi.

"Yote. Na paka pia."

"Basi mbona umekubali? Ungemwambia babako, angenifukuza."

Mwanatumu alikaa tena, akatengeneza mtandio.

"Nilingoja siku tatu nione kama utaliharibu gari langu. Ungelipaka yale mafuta yako ya nazi, leo ungekuwa Nairobi. Lakini ulikwenda chini ya madigadi ukasugua mahali pasipoonekana. Nikasema huyu mtu anaweza kazi, tatizo hajawahi kuifanya."

Badawi aliona heri aseme kweli mara moja, aone ladha yake ikoje.

"Nilidhani ni langu."

"Najua. Ndiyo maana litabaki langu. Na wewe utaendelea kudhani ni lako mbele za watu, babangu asiumwe."

"Na fedha zangu?"

"Zimekwenda kuagiza nta ngumu. Sanduku zima. Jumatatu utaanza na yale magari matano ya mjini, uoshe uchafu wako, upake upya, bure. Baada ya hapo, atakayetaka kupakiwa atalipa, na bei nitaipanga mimi." Akamtazama kwa muda, kisha uso wake ukalegea kidogo. "Umekula tangu jana?"

Badawi alitikisa kichwa.

Ijumaa iliyofuata, asubuhi, Mzee Aidarus alikaa barazani na wenzake wanane, akiwaonyesha jinsi mkwewe alivyo mtu asiye na makuu, ana gari kama lile na bado hamruhusu mtumishi kuligusa. Badawi, kanzu imefungwa kiunoni, alitabasamu kila alipotajwa. Alikuwa ameshafuta boneti na milango, fulana imegeuzwa mara nne, kivuli cha nyumba kikiwa bado upande wake. Akakunja kitambaa, akafunika mkebe, akasogea nyuma kulitazama gari kama mtu aliyemaliza kazi.

Juu, nyuma ya dirisha la mbao, mtu alikohoa kikohozi cha kiungwana.

"Bwana Fundi. Madigadi ya nyuma umeyaruka."

Badawi aliufungua mkebe.